Kalamu Nene ya Bi Edna

Jumanne saa nne asubuhi Neville Ogden alitoka kwenye banda lake nyuma ya nyumba, vumbi la mbao limemjaa hadi kwenye nyusi, akaweka kalamu juu ya meza ya jikoni mbele ya mkewe. Glenda alikuwa anamenya viazi. Akaisukuma ile kalamu kwa ncha ya kisu. Ikabiringika, ikapepesuka kama mlevi anayeutafuta mlango wake, halafu ikasimama.

"Ya ngapi hii?"

"Ya saba."

"Na zote ziko hivi hivi?"

"Ile ya nne ilikuwa mbaya zaidi," alisema Neville, kwa sauti ya mtu anayejitetea.

Glenda aliiokota akaigeuza mwangani. Upande mmoja mbao ilikuwa imenona, imepanda juu ya pete ya chuma. Upande wa pili ilikuwa nyembamba mpaka shaba ya ndani ilikaribia kuchungulia. Alitaka kujizuia asicheke, akashindwa, akacheka mpaka kiazi kikamponyoka kikaenda chini ya jiko. Neville alimtazama kwa uchungu, kisha naye akaanza kucheka. Wale watu wawili walikuwa wameoana miaka arobaini na miwili na walikuwa hawajaweza hata siku moja kununa kwa wakati mmoja.

Lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Jumamosi, saa tano asubuhi, mama yake Glenda alikuwa anaolewa.

Ndiyo, mama yake. Bi Edna Clegg, miaka themanini na sita, mjane, mfumaji mstaafu, alikuwa anaolewa na Wilf Tattersall wa miaka themanini na minane, ambaye alikutana naye kwenye foleni ya supu katika nyumba za wazee. Mji mzima, na ni mji mdogo huo, vilima pande zote na mvua katikati, ulikuwa umecheka. Edna alicheka kuwashinda wote. Gauni lilikuwa tayari, la rangi ya zambarau. Pai za nyama na viazi zilikuwa zimeagizwa. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu: sahihi ya bibi harusi.

Edna alifuma kitambaa kiwandani miaka thelathini na mmoja, na baada ya kiwanda ikaja baridi yabisi. Vidole vyake vilijikunja vikagoma. Kikombe aliweza kukishika kwa mikono miwili, lakini kalamu ya kawaida ilimteleza kila akiigusa. Msajili wa ndoa, mama mmoja mpole sana, alimwambia Glenda kwenye simu kwamba hilo si tatizo hata kidogo, mzee akishindwa anaweka alama tu, msalaba unatosha kisheria. Edna alikuwa amekaa karibu. Alimpokonya Glenda simu.

"Msalaba?" alisema. "Sikiliza, kipenzi. Bibi yangu aliweka msalaba kwa sababu hakuna aliyempeleka shule. Mimi nilipelekwa. Mwandiko wangu ulikuwa wa kwanza darasani, na mwalimu aliubandika ukutani. Nitaandika jina langu, herufi zote, au siolewi."

Akakata simu. Wilf Tattersall aliposikia hayo maneno aliacha kula siku mbili, maana alimjua mchumba wake. Edna hakuwa anatania.

Jumapili iliyotangulia, baada ya chakula, Edna alifungua mkoba wake akatoa kipande cha mbao kilichochongoka huku na huku, chenye ncha za chuma, cheusi kwa kushikwashikwa. Kilikuwa kile kijiti kinachorushwa kupitisha uzi kwenye mtambo wa kufuma. Alikichukua siku kiwanda kilipofungwa, akakificha ndani ya koti, wala hakuwahi kutubu.

"Mbao hii mkono wangu unaijua," alisema. "Haijawahi kuniponyoka. Nitengenezeeni kalamu kwa hii, na iwe nene. Neville ana mashine."

Edna alikuwa hajawahi kumkabidhi mkwewe kitu chochote cha maana, na Neville mwenyewe, dereva wa basi mstaafu aliyeanza kukereza mbao mwaka jana tu, alikuwa ameshika kijiko hewani na amekisahau.

Kijiti chenyewe kilikuwa na uwazi katikati. Mbao nzima ilikuwa kwenye ncha zake mbili tu: ncha moja ingetoa mwili wa kalamu, nyingine ingetoa kifuniko. Ukiharibu moja, basi. Hakuna ya akiba, hakuna ya kununua, kiwanda chenyewe siku hizi ni maghorofa ya watu wa pesa. Ndiyo maana zile saba zilikuwa za mbao ya kawaida, za kujifunzia.

* * *

Kila Jumanne mchana wakereza mbao wa mji ule hukutana kwenye ukumbi wa kanisa. Ni wastaafu kumi na mbili wenye masweta, na wana birika mbili za chai. Birika zilikuwa mbili kwa sababu ya Cyril Haslam na Desmond Pickup, ambao walikuwa hawajasemeshana kwa miaka mitatu, na ugomvi wao haukuwa wa mwanamke wala wa mpaka wa bustani. Ulikuwa wa namna ya kuishika kalamu kwenye mashine.

Maana kalamu ya mbao hutengenezwa hivi: unatoboa mbao, unaingiza mrija wa shaba kwa gundi, unaizungusha kwenye mashine kwa kasi, unainyoa kwa patasi. Hapo hakuna mabishano. Mabishano ni mbao inashikwa na nini wakati inazunguka. Cyril ni mtu wa fimbo: ufito mwembamba wa chuma unaopita ndani ya mbao toka mwanzo hadi mwisho, na nati ya kukazia. Desmond ni mtu wa kibano: pande la chuma lenye taya, linachomekwa kwenye kichwa cha mashine na kuing'ata fimbo kwa nguvu. Neville alikuwa na fimbo, kwa sababu tu ilikuja na mashine.

Glenda alikwenda naye siku hiyo, amebeba keki ya tangawizi ili kulainisha mambo. Neville akaizungusha kalamu yake ya saba mezani. Ikapepesuka mbele ya watu wote. Mtu mmoja akakohoa kuficha kicheko.

"Hukukaza," Cyril akatoa hukumu. "Fimbo haina kosa. Mbao inayoyumba ni mbao isiyokazwa. Kaza nati, Neville, kaza mpaka kiganja kikuume."

"Mwambieni huyo kwamba fimbo isiyo na kibano inapinda!" Desmond alipaza sauti kutoka meza ya pili. "Nunua kibano, Neville. Mimi tangu ninunue kibano nalala usingizi."

"Mwambieni huyo mwenye kibano kwamba hata kabla ya kibano alikuwa analala, tena hapa hapa mkutanoni."

"Bwana Haslam, yuko hatua nne kutoka ulipo," Glenda alisema. "Si umwambie mwenyewe?"

"Sisemi naye, mama. Keki yako tamu sana."

"Haya, hakuna njia ya tatu? Isiyo fimbo wala kibano?"

Hapo Cyril na Desmond walitazamana, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, wakaangua kicheko cha pamoja. Cyril akafuta machozi. "Kuna vile vikoni viwili vya wanafunzi," alisema. "Unaibana mbao katikati kama unabana pua."

"Afadhali uishike kwa meno," alisema Desmond, na kila mmoja akarudi kwenye birika yake.

Neville alirudi nyumbani akakaza. Kalamu ya nane ilipasuka ikamrushia kipande kwenye shavu.

* * *

Jumatano waliamua kwenda dukani kununua kibano. Edna akasema naye anakwenda, maana mbao ni yake. Walimpakia mbele kwenye gari, kofia ya zambarau kichwani, anaijaribu kabla ya Jumamosi.

Duka lilikuwa la zana za mbao, limepangwa vizuri, na muuzaji alikuwa bwana mmoja wa makamo mwenye miwani kwenye paji la uso. Alimsikiliza Neville kwa upole mwingi, ule upole unaoanza kumwasha mtu mwilini.

"Na mashine yako ni namba ngapi, bwana? Ukubwa wa tundu la kichwani. Namba moja au namba mbili?"

Neville hakujua. Alijua rangi yake, alijua ina kelele, alijua aliinunua kwa mjane mmoja. Namba hakuwahi kuiuliza. Akafungua mdomo aseme ukweli, kwamba hajui, akapime kwanza arudi kesho. Na angesema, kama si muuzaji kuomba radhi akaingia chumba cha nyuma chenye dirisha la kioo kusemezana na mwenzake.

Sasa, lipo jambo ambalo yule bwana hakulijua. Wanawake waliofuma viwandani enzi zile walifanya kazi ndani ya kelele ambayo hata ukipiga mayowe husikiki. Wakazoea kuongea kwa midomo mitupu na kusomana midomo, kutoka mwisho mmoja wa ukumbi hadi mwingine, na umbeya wa mji mzima ulipita hivyo bila sauti. Edna alisimama wima mbele ya kioo kile, ameegemea mkongojo wake, akayasoma midomoni maneno yote ya muuzaji.

Muuzaji alipotoka alikuta kofia ya zambarau inamsubiri.

"Umesema mzee huyu hata mashine yake haijui," alisema Edna kwa sauti iliyofika mpaka kwenye rafu za gundi. "Umesema mwuzie tu ile ya bei kubwa, hatajua tofauti. Au nimekosea kusoma, kipenzi?"

Muuzaji alibadilika rangi mara mbili. "Mama, mimi... hapana, nilikuwa na maana..."

"Mkwe wangu ni fundi. Anaijua mashine yake kuliko unavyomjua mkeo. Ni namba mbili! Si ndiyo, Neville?"

Neville alimwangalia Glenda. Glenda aliangalia dari. Katika miaka arobaini na miwili huyu mama hakuwahi kumtetea mbele ya watu, na leo amemtetea, na kumtetea kwenyewe ndiko huku.

"Mbili," alisema Neville.

Kibano kilikuwa paundi sitini na tano. Muuzaji alikifunga kwa karatasi mbili, kwa heshima. Njiani kurudi Edna alicheka peke yake kwa furaha, akapiga dashibodi ya gari kwa kiganja. "Ulimwona? Ulimwona alivyokuwa mwekundu?"

"Nilimwona, Mama," alisema Neville, macho barabarani.

Nyumbani Glenda alimketisha mama yake jikoni akampa bonge la unga wa pai, alioukanda asubuhi. "Shika kama unavyotaka kuishika kalamu. Bonyeza, usiogope." Edna akabonyeza. Vidole viliacha mashimo matatu ya ajabu kwenye unga, kimoja huku, kimoja kule, kidole gumba kimelala kabisa ubavuni. Ilikuwa ndiyo ramani ya kalamu yake. Glenda aliliweka lile bonge kwenye friji, juu yake ameandika karatasi: ASIOKE MTU. Akaandika hivyo kwa sababu ya Wilf, ambaye hamu ya kula ilikuwa imeanza kumrudia.

Halafu akaenda bandani. Neville alikuwa amekaa juu ya ndoo, kibano kipya mapajani.

"Hakiingii," alisema. "Mkia wake mnene, tundu jembamba. Mashine yetu ni namba moja, Glenda."

"Ungesema pale pale!"

"Ningesemaje? Alisema mimi ni fundi!"

Glenda alitaka kumgombeza. Lakini aliuona uso wake, akaketi kwenye ndoo ya pili. Nje mvua ilikuwa inapiga bati. Kisha Glenda akaanza kutikisika mabega, na Neville akasema, "Usicheke," na Glenda akasema, "Sicheki," akiwa hoi kwa kicheko, na Neville naye akakwisha.

"Kuliko unavyomjua mkeo!" alisema Neville, na wakaanza upya.

* * *

Alhamisi asubuhi Glenda alikuwa anaosha vyombo. Neville alikuwa bandani anajaribu kalamu ya tisa kwa ile fimbo ya zamani, kwenye kipande cha mbao ya kawaida. Mashine iliwaka. Sauti yake ilipita ukutani kama kila siku, na Glenda, mikono ndani ya povu, akasimama.

Glenda mwenyewe aliwahi kufanya kazi kiwandani, miaka minane, upande wa kusokota uzi. Alikuwa na vyuma mia nne vya kuzungusha uzi chini ya uangalizi wake, vyote vinaimba kwa pamoja, na kimoja kikipinda unakisikia kabla hujakiona. Masikio yake yalisahau mambo mengi tangu siku zile, lakini hilo hayakulisahau. Alisikia mashine inaimba safi. Kisha ikazimwa. Kisha ikawashwa tena, na sasa sauti ilikuwa na kigugumizi ndani yake, wuu-u, wuu-u.

Alitoka mbio na povu mkononi.

"Umefanya nini hapo katikati? Ulipozima?"

"Nimekaza nati," alisema Neville, "kama alivyosema Cyril."

"Ilegeze."

"Mbao itateleza."

"Neville, ilegeze."

Akailegeza. Akawasha. Mashine ikaimba. Wakainama wote wawili kuitazama ile fimbo. Katikati yake, ambapo kila siku palionekana kama pana ukungu, leo palikuwa pametulia. Neville akachukua spana akakaza robo mzunguko tu, na ukungu ukarudi, na kigugumizi kikarudi.

Neville aliiweka spana chini polepole. Ndiyo kisa chote kilikuwa hapo. Fimbo nyembamba ukiikaza inajikunja kama upinde, kidogo tu, huwezi kuona kwa macho, lakini mbao inazunguka kwenye huo upinde, na patasi inanyoa upande mmoja kuliko mwingine. Kadiri alivyoona kalamu imeharibika ndivyo alivyozidi kukaza, na kadiri alivyozidi kukaza ndivyo ilivyozidi kuharibika. Kalamu tisa!

"Niliambiwa nikaze," alisema.

"Najua."

"Na ukilegeza sana mbao inateleza kweli. Nimejaribu. Na fimbo yenyewe sasa sijui kama imebaki nyoofu. Mbao ya Mama siiweki hapa. Siwezi." Alivua miwani akaifuta kwa shati, na shati lilikuwa na vumbi kuliko miwani. "Glenda, nimwambie tu nimeshindwa. Aweke msalaba."

"Thubutu!" alisema Glenda. "Hebu nipe kile kibano."

* * *

Dukani alikwenda peke yake. Muuzaji alipomwona aliangalia kwanza nyuma yake, kuhakikisha kofia ya zambarau haipo.

"Nimekuja kurudisha," alisema Glenda. "Mashine yetu ni namba moja."

"Lakini mama yako alisema..."

"Mama yangu alitaka kukwambia wewe huna adabu. Namba ilimtoka tu mdomoni." Ilimuuma kusema hivyo, uso ukamwaka moto, lakini aliendelea. "Sasa nisikilize. Nina mbao moja, haina ya pili. Sitaki fimbo, imeshatutesa. Kibano nacho si bado kinashika fimbo ile ile?"

Muuzaji alikubali kwamba ndiyo, kwa kalamu kibano hushika fimbo.

"Basi fimbo ya nini? Kwa nini kitu chembamba kipite katikati wakati mrija wa shaba tayari uko mle ndani na ni mgumu? Si mbao ishikwe huku na huku, basi?"

Yule bwana aliteremsha miwani kutoka kwenye paji la uso akaivaa machoni, na kwa mara ya kwanza akamtazama Glenda sawasawa. Aliinama chini ya kaunta, akatoa kijisanduku chenye vumbi. Ndani mlikuwa na koni mbili za chuma, kila moja ina ukubwa wa kidole, pamoja na vipete vyake.

"Watu hawazinunui," alisema, "kwa sababu ni rahisi mno. Hata mimi nyumbani ndizo ninazotumia." Akakohoa. "Paundi kumi na nne. Na mama, kuhusu jana... nisamehe."

"Nitamfikishia," alisema Glenda. "Lakini ukimwona anakuja, usiongee hata chumba cha nyuma."

* * *

Ijumaa saa tatu asubuhi walijifungia bandani. Neville alikuwa ameshakata zile ncha mbili, ameshatoboa, gundi imekauka usiku kucha. Bonge la unga lilikuwa juu ya rafu, limekauka kidogo pembeni, mashimo yake yanaonekana vizuri. Aliiweka mbao kati ya zile koni mbili. Mkono wake ukaenda kwenye gurudumu la kukazia.

"Hapana," alisema Glenda. "Hilo ni langu."

"Unajua kiasi gani?"

"Wewe washa. Nitasikia."

Aliwasha. Glenda alifumba macho, akazungusha gurudumu kwa vidole viwili, kidogo, kidogo tena, mpaka ile sauti ikawa moja tupu. "Hapo. Usiguse kitu isipokuwa patasi."

Patasi ilipogusa mbao, maganda meusi yaliruka, mafuta na jasho la miaka thelathini na mmoja, na chini yake ikatoka rangi ya asali ambayo hakuna mtu aliyeijua. Neville alinyoa, akasimama, akagusa bonge la unga kwa kidole, akagusa mbao, akanyoa tena. Kidole cha kwanza. Cha pili. Kwenye kidole gumba mikono ilianza kumtetemeka na Glenda akamwambia ahesabu vituo vya basi namba kumi na saba, toka sokoni hadi hospitali, kama alivyokuwa akifanya njia ikiwa na barafu. Akahesabu. Alipofika hospitali, shimo la kidole gumba lilikuwa limekamilika.

Halafu kifuniko kwa njia ile ile, halafu msasa, halafu vanishi, halafu nibu na vyuma vyake. Aliibiringisha kalamu juu ya benchi. Haikubiringika vizuri, kwa kuwa ilikuwa na mashimo ya vidole, nene kama karoti ya maonyesho ya wakulima. Lakini pale mbao ilipokutana na chuma, Glenda alipitisha ukucha pande zote na ukucha haukukwama popote.

Aliruka. Mwanamke wa miaka sitini na minne, mwenye mjukuu mmoja na goti bovu, aliruka juu akamkumbatia mumewe na patasi yake, wakacheza kwenye maganda ya mbao mpaka kopo la vanishi likaanguka.

* * *

Jumamosi ofisi ya msajili ilijaa. Wazee wote wa zile nyumba walikuja, wengine hawakualikwa, na Cyril na Desmond walikaa wameachana viti viwili. Mkasa wa vikoni ulikuwa umewafikia, na wote wawili walikuwa wameudhika kwa kiasi sawa.

Msajili alikuwa na chupa yake ya wino wa ofisi, ambao ndio pekee unaoruhusiwa, na Neville akajaza kalamu mbele ya watu, amepiga magoti kama anamfunga mtoto viatu. Akamkabidhi Edna. Edna aliigeuza mara moja, akaitazama rangi yake, na vidole vyake vilivyopinda vikaingia kila kimoja mahali pake.

Wilf alikuwa ameshasaini, kazi ya sekunde mbili. Edna aliinama juu ya karatasi. Ukumbi mzima ulisikia nibu inakwaruza. *E.* Akapumzika. *d.* Mtu nyuma akaanza kukohoa akazibwa mdomo. Msajili alisogea kidogo, kwa huruma, akafungua mdomo, na Edna bila kuinua kichwa akasema, "Usithubutu." Akaendelea. Ilimchukua karibu dakika tatu, na alipoinuka, jina lake lilikuwa pale, Edna Clegg, herufi zote, zimeinama upande mmoja kwa adabu, na mkia wa ile *g* ya mwisho umezungushwa kwa madaha yasiyo ya lazima.

"Bandikeni hiyo ukutani," alisema.

Watu walipiga makofi, Wilf akalia waziwazi, na msajili akapangusa jicho. Kisha akaita shahidi wa bibi harusi. Glenda akainuka, maana ndivyo walivyopanga.

"We Glenda, kaa," alisema Edna. "Nimebadilisha. Aje Neville."

Neville alikwenda mbele, suti yake ya kuazima imembana mabegani. Akaipokea kalamu. Akaiangalia, akaliangalia jina la mama mkwe wake, wino bado mbichi, na mkono ukaanza kumtetemeka, kisha midomo, kisha mwili wote. Nibu ilisimama juu ya karatasi ikikataa kushuka. Machozi yalimdondoka kwenye tai. Nyuma yake watu walianza kunong'ona, na Glenda akainuka nusu, asijue aende au abaki.

Edna aliweka mkongojo pembeni. Aliusogeza ule mkono wake uliojikunja, akaufunika nao mkono wa Neville pamoja na kalamu, akaushika imara mpaka ukatulia.

"Andika, mwanangu," alisema. "Watu wana njaa."